Jeshi la Ureno na Jeshi la Frelimo: Tunahesabu Nini Tunapohesabu Nguvu?

(Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye semina ya viongozi wa vijana wa kanda. Wengi mliomba nakala. Nimeyaacha karibu kama nilivyozungumza, ila nimepunguza utani.)



Nimepewa mada ya kujipanga mbele ya mpinzani mwenye nguvu kuliko wewe. Ningeweza kuja na maneno ya vitabu vya uongozi, mngesinzia kabla ya chai. Nimeamua tuvuke mto Ruvuma, turudi kwenye vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974. Tuweke majeshi mawili mezani, la Ureno na la Frelimo, tuyalinganishe kipengele kwa kipengele. Vita vile vilipangwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu la kwenye kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Kwa hiyo habari hii ni ya kwetu pia.

Tahadhari moja kabla sijaendelea, maana najua humu ndani kuna masikio ya kila aina. Sizungumzii bunduki kama njia yetu. Njia yetu ni kura, jukwaa na mahakama. Nazungumzia namna ya kupima nguvu. Tukikosea kupima, tutaogopa tusichopaswa kuogopa na tutadharau tunachopaswa kukilinda.

1. Hesabu ya karatasi

Tuanze na vinavyohesabika. Tarehe 25 Septemba 1964, Frelimo iliposhambulia kituo cha Wareno pale Chai, Cabo Delgado, ilikuwa na wapiganaji waliofunzwa na kupewa silaha wapatao 250 tu. Wengi wao walikuwa wamefunzwa Algeria, kisha wakapokelewa kambini Kongwa. Mia mbili na hamsini, jamani! Kuna matawi yetu yana watu zaidi ya hao.

Upande wa pili kulikuwa na dola, tena dola mwanachama wa NATO. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ureno ilikuwa na askari zaidi ya 50,000 ndani ya Msumbiji, wakati Frelimo inakadiriwa kuwa na wapiganaji wapatao 10,000. Angani Wareno walikuwa peke yao kwa karibu miaka yote ya vita: ndege za kivita za Fiat zilizotoka Ujerumani Magharibi, helikopta za Alouette kutoka Ufaransa, na ndege za kushusha askari wa miamvuli. Chini walikuwa na malori, magari ya deraya, mizinga, na bunduki aina ya G3 walizozitengeneza kwao kwa leseni ya Wajerumani. Askari wao akijeruhiwa, helikopta inakuja kumchukua.

Frelimo walikuwa na nini? Bunduki za Kirusi na Kichina, AK na SKS, makombora ya kubebwa begani, na zaidi ya yote mabomu ya kutegwa ardhini. Hayo mabomu ndiyo yaliyowatesa Wareno kuliko kitu chochote. Barabara za kaskazini hazikuwa na lami, na kila shimo lililofukiwa lilikuwa la kutilia shaka. Msafara wa malori uliweza kutumia siku nzima kwenda kilomita chache, kwa kuwa mbele kuna askari wanatembea kwa miguu wakichoma ardhi kwa ncha za vyuma kutafuta bomu. Jeshi lenye ndege likaanza kutembea mwendo wa kinyonga. Majeruhi wa Frelimo naye hakuwa na helikopta. Alibebwa kwenye machela siku kadhaa porini mpaka avuke Ruvuma, ndipo afikishwe hospitali ya Frelimo kule Mtwara. Wengi hawakufika.

Ukiishia kwenye karatasi, hakuna mechi hapo. Na majenerali wa Ureno waliishia kwenye karatasi kwa miaka mingi.

2. Nani alikuwa ndani ya sare?

Sasa hebu tuwavue sare tuwaangalie watu wenyewe.

Askari wa Kireno alikuwa kijana wa miaka ishirini au ishirini na mmoja, mara nyingi mtoto wa mkulima maskini, aliyeitwa jeshini kwa lazima. Alipakiwa melini kwenda nchi asiyoijua kwa zamu ya miaka miwili. Nchi yake yenyewe ilikuwa ya watu wapatao milioni tisa, maskini kuliko karibu zote za Ulaya Magharibi, na inapigana vita vitatu kwa mpigo: Angola tangu 1961, Guinea tangu 1963, Msumbiji tangu 1964. Karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali ilikwenda jeshini. Vijana wa Kireno kwa maelfu walivuka mipaka kwa siri kwenda Ufaransa kukwepa kuitwa. Aliyebaki alikuwa anahesabu siku. Adui yake hasa ilikuwa kalenda.

Na hapa kuna jambo ambalo masimulizi yetu ya ukombozi hupenda kuliruka. Kufikia 1973, zaidi ya nusu ya askari wa Ureno nchini Msumbiji walikuwa wameandikishwa palepale Msumbiji, wengi wao Waafrika. Kulikuwa na vikosi maalumu vya Waafrika, wakiwemo askari wa miamvuli, na kulikuwa na vikosi vilivyokuwa chini ya polisi wa siri. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ilikuwa weupe upande huu na weusi upande ule. Mtu anaingia jeshi la mkoloni kwa sababu ya mshahara, kwa sababu ya kutishwa, kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, au kwa sababu anaamini ndiko kwenye ushindi. Kila dola huwapata watu wa namna hiyo. Ukimwita kila mmoja wao msaliti, hutajua kamwe utamrudishaje.

Upande wa Frelimo, kuruta alikuwa amekimbia kodi, kazi ya shokoa, na mashamba ya pamba aliyolazimishwa kulima na kuuza kwa bei ya kudhulumiwa. Mmakonde hakuhitaji kusomewa waraka ili ajue kwa nini anapigana. Mueda, tarehe 16 Juni 1960, watu waliokwenda kuzungumza na watawala walimiminiwa risasi. Huyo anayeingia kambini ana jibu tayari.

Lakini jibu la hasira peke yake halidumu miaka kumi. Ndiyo maana nataka tutazame kambi.

3. Kambi na mgongo wa jeshi

Mimi nimezaliwa Nachingwea. Wazee wa kwetu wanawakumbuka watu wa Frelimo vizuri: walivyokuwa wakilima mashamba yao wenyewe, na walivyokuwa wakiimba alfajiri. Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapo. Kongwa na Nachingwea zote mbili zilikuwa sehemu za ule mradi wa karanga wa Waingereza, uliofilisika vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ardhi iliyomshinda mkoloni mmoja kuotesha karanga ikaja kuotesha jeshi lililomng'oa mkoloni mwingine.

Pale Nachingwea, chini ya Samora Machel, mwanamume aliyekuwa muuguzi hospitalini Lourenço Marques kabla ya kukimbilia kwetu, kuruta hakufundishwa kulenga shabaha tu. Alifundishwa kusoma na kuandika. Alichanganywa na watu wa makabila ambayo hajawahi kula nao chungu kimoja. Alielezwa kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, siyo raia wa Ureno, na kwamba mateka hauawi. Kumbukeni hilo la mateka, nitalirudia.

Tangu 1967 wanawake nao wakapata kikosi chao. Walifunzwa silaha, walibeba risasi, waliendesha vituo vya watoto yatima, walizunguka vijijini kuzungumza na watu. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji hadi leo. Makamanda wa kiume mliokaa nyuma pale, mnaodhani kazi ya dada zenu ni kupokea wageni na kugawa maji kwenye mikutano, nendeni mkasome habari zake.

Halafu kuna wanakijiji. Jeshi la Ureno lilibebewa chakula na malori na ndege. Jeshi la Frelimo lilibebewa na watu, kichwani, usiku, kutoka ukingo wa Ruvuma mpaka ndani kabisa. Mwanakijiji akikataa kubeba, vita vimekwisha. Wareno walilielewa hili, ndiyo maana waliwahamisha watu wanaokaribia milioni moja na kuwaweka kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Walidhani wakimtenga samaki na maji, basi. Ila ukimfungia mtu kwenye seng'enge akiwa mbali na shamba lake na makaburi ya wazee wake, umemfundisha siasa bure, bila hata Frelimo kutuma mjumbe.

Na nyuma ya wote hao ilikuwepo nchi hii. Tulitoa ardhi, tulitoa bandari, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapo askari wetu waliolala Naliendele, Mtwara, kwa ajili ya Msumbiji. Jeshi lisilo na mgongo halisimami, hata liwe na hasira kiasi gani.

4. Mwaka 1968: mabishano yaliyokaribia kuua harakati

Sasa msije mkadhani Frelimo walikuwa kitu kimoja muda wote. Hapana. Kamanda wao wa kwanza wa jeshi, Filipe Magaia, aliuawa 1966. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule yao ya Dar es Salaam waligoma na shule ikafungwa. Walibishana juu ya mambo mazito: nani aongoze, vita viwe vya muda gani, nafasi ya weupe na machotara ndani ya harakati ni ipi.

Kubwa lilikuwa la Cabo Delgado. Kiongozi wa mkoa ule, Lázaro Nkavandame, alisimamia biashara katika maeneo yaliyokombolewa. Wananchi wakaanza kunung'unika kwamba wakubwa wanajinufaisha kupitia maduka ya harakati. Mnaona? Mkoloni hajaondoka, na tayari kuna watu wanauziana chumvi kwa bei ya kunyonyana. Julai 1968 Frelimo wakaitisha mkutano mkuu wa pili, wakaufanyia Niassa, ndani ya Msumbiji, ndege za Ureno zikiwa angani. Wakabishana. Mondlane akachaguliwa tena. Mwaka uliofuata Nkavandame akavuka kwenda kwa Wareno, nao wakamtumia kwenye propaganda zao. Kwa lugha ya kwetu tungesema alikwenda kuunga mkono juhudi.

Wareno walisubiri Wamakonde wamfuate. Hawakumfuata. Kwa nini? Kwa sababu manung'uniko yalikuwa yameshasikilizwa ndani. Mkulima wa Mueda aliona anayemnyonya ndiye aliyeondoka, na wenzake wamebaki. Kuhama kwa mkubwa kunaua harakati pale tu wanachama wanapoona alikuwa na hoja na hakuna aliyemsikiliza.

5. Fundo na kichinjio

Julai 1970 jenerali mpya, Kaúlza de Arriaga, akaamua kumaliza mambo kwa pigo moja. Operesheni aliiita Fundo la Gordio. Askari wapatao 35,000, ndege, mizinga, matingatinga ya kufungua barabara, wote wakaelekezwa uwanda wa Mueda. Wakaziteka kambi kubwa za Frelimo, zikiwemo zile zilizoitwa Gungunhana na Moçambique. Magazeti ya Lisbon yakasherehekea.

Ila kambi ni nyasi na mahandaki. Wapiganaji wengi walishaondoka. Mvua zikaja, gharama zikapanda, na wakati Wareno wamerundikana kaskazini, Frelimo wakaongeza nguvu Tete, karibu na bwawa la Cahora Bassa lililokuwa linajengwa, wakavuka Zambezi, wakashuka hadi Manica na Sofala. Jenerali alihesabu kambi alizoteka. Wenzake walihesabu wilaya ambazo sasa hana askari wa kuzilinda.

Jeshi lenye nguvu likichoka kumtafuta adui asiyeonekana, humgeukia anayeonekana. Tarehe 16 Desemba 1972 makomando waliingia Wiriyamu na vijiji vya jirani, mkoani Tete, wakaua watu wapatao 400: wanaume, wanawake na watoto. Mapadri wakakusanya majina ya waliokufa, orodha ikavuka mipaka, na Julai 1973 gazeti la The Times la London likaichapisha habari ile siku chache kabla ya waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kufika Uingereza kwa ziara. Karatasi moja yenye majina ya wanakijiji iliiharibia Ureno jina kuliko roketi zote za Frelimo. Makamanda, andikeni majina. Anayepotea, anayekamatwa, anayepigwa, andikeni jina lake, tarehe na mahali.

6. Makapteni waliouliza swali

Jeshi la Ureno lilivunjikia wapi? Siyo Mueda. Lilivunjikia kwenye vyumba vya maofisa wake. Makapteni, watu wa miaka thelathini na kitu, walikuwa wamerudishwa Afrika zamu ya pili, ya tatu, ya nne. Mwaka 1973 serikali ikatoa amri ya kuwapandisha maofisa wa muda kwa kozi fupi, wa kudumu wakakasirika. Walianza kukutana wakilalamikia vyeo. Wakiwa kwenye vikao vile vile wakajikuta wanaulizana swali kubwa zaidi: hivi sisi tuko huku kwa nini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tarehe 25 Aprili 1974 wakaiangusha serikali yao wenyewe, na watu wa Lisbon wakawachomekea maua kwenye mitutu ya bunduki.

Msumbiji, vikosi vingi vikaacha kupigana. Tarehe 1 Agosti 1974 kituo cha Omar, jirani na Ruvuma, kikajisalimisha kwa Frelimo, askari zaidi ya mia moja, wakaletwa upande wetu wakiwa hai. Hapo ndipo lile fundisho la mateka lilipolipa. Askari husalimu amri mapema anapojua hatachinjwa. Septemba 7 mkataba ukasainiwa Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kwa hiyo ulinganisho wangu ni huu. Jeshi moja lilikuwa na kila kitu isipokuwa jibu la swali "kwa nini niko hapa?" Jingine lilikuwa na vichache, ila kila aliyebeba mzigo usiku alikuwa nalo jibu, na kwa miaka ile aliweza hata kulibishia.

7. Ambayo hatupendi kuyasema

Ningeweza kuishia hapo, mngepiga makofi. Lakini nisingekuwa nimewatendea haki.

Uria Simango alikuwa mchungaji, makamu wa rais wa Frelimo tangu mwanzo. Baada ya kifo cha Mondlane aliandika waraka kuukosoa uongozi, akafukuzwa. Mwaka 1975 aliletwa Nachingwea, nyumbani kwetu, akasomeshwa hadharani maungamo ya usaliti. Baadaye yeye na wengine, Nkavandame akiwemo, waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Nchi ikawa ya chama kimoja, kambi za kuelimishwa upya zikafunguliwa Niassa, na vita vya Renamo, vilivyoanza kwa mkono wa Rhodesia, vikapata kuni za ndani za kuwaka nazo hadi 1992. Mtoto wa Simango, Daviz, alikuja kuwa meya wa Beira na akaanzisha chama cha upinzani.

Walioshinda kwa sababu walilijibu swali, walipokaa kwenye kiti walilifanya swali kuwa kosa. Haikuanza siku ya uhuru. Ilianza kambini, siku mtu wa kwanza alipoitwa adui kwa kubisha.

8. Tunaondoka na nini

Nirudi nyumbani kwa maneno machache. Mpinzani wetu ana magari, ana fedha, ana vyombo. Sawa, tumeshahesabu. Sasa tuhesabu vingine. Mwanachama wa tawi la kijijini kwako anajua kwa nini anabeba kadi? Nani anambebea mzigo usiku, yaani nani anatoa chumba, nauli, mihogo ya kula mawakala? Ada ikichangwa, inasomwa mbele ya watu? Polisi wa wilaya yako ni jirani yako unayemsalimia, au umeshamwita adui mpaka hawezi kukusikia tena?

Na lililo gumu: kijana akisimama kikaoni akauliza kwa nini mgombea amepitishwa vile, unamjibu, au unanong'ona kwamba amenunuliwa? Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno mwaka huu, kwenye vikao vyetu wenyewe. Tukilizoea leo hatuna hata kiti, siku tukipata dola tutakuwa na mahabusu pia. Ukiona mwenzako anauliza, mpe kiti akae, umjibu. Akiwa amekosea, mtaliona wote. Akiwa sahihi, amewaokoa.

Nakaribisha maswali, na yale makali tuanze nayo.